Imepungua Mizani Moja

Yalianza na diski ya Mmarekani
aliyekuja mapango ya Amboni kuhesabu popo.
Alimwachia Mhina, aliyembebea ngazi na taa,
akamwambia: sikiliza, ukiogopa zima.
Mhina hakuzima.
Asubuhi alitukuta Barabara ya Kumi na Mbili
macho mekundu kama aliyekesha matangani.
Huko kwao, alisema, kuna watu wanapiga gitaa
kama wanabomoa nyumba waliyozaliwa.

Tukawa wanne. Mbwana koo, Mhina gitaa,
Chande besi ya kuazima kwa bendi ya harusi,
na mimi dramu,
kwa kuwa ndiye niliyekuwa na baiskeli ya kuzibebea.
Jina tuliliokota relini: Kutu.

Ghala la mkonge nyuma ya stesheni,
mlinzi Semboja akitutoza soda mbili kwa saa.
Nyuzi zilizosalia pembeni zilimeza mwangwi.
Mbwana akinguruma, mishipa ya shingo
inakaza kama kamba za kuanikia nguo,
na watoto wa Ngamiani wanachungulia
waone anayechinjwa ni nani.

Mama yake, Bi Mwanakombo,
aliyejibizana kwa mashairi na watu wa Pangani
hata posta ikamjua mwandiko,
alikuja siku moja na kiti chake mwenyewe.
Akakaa mpaka mwisho, vidole vikigonga goti.
Tukasubiri laana.
"Mshororo wa tatu," alisema, "kwenye utao,
imepungua mizani moja."

Nasi tulidhani hakuna neno linalosikika.

Basi tukaandika upya, nane kwa nane,
vina vya kati, vina vya mwisho,
vikishanyooka Mbwana anavirarua.

Muheza walitulipa gunia la machungwa.
Korogwe umeme ulikatika wimbo wa pili;
niliendelea peke yangu gizani, dakika nne,
sikujua mtu anaachaje.
Chumbageni, shangazi wa bibi harusi
alizima swichi kwa mkono wake,
akatufungia pilau tukalie mbele ya safari.
Albamu tulirekodi chumbani kwa Chande,
magodoro ukutani. Jogoo wa jirani
yumo wimbo wa tano. Hatukumtoa.
Nakala mia mbili. Tuliuza sitini na mbili,
moja ikarudishwa: mwenyewe alidhani ni mbovu.

Mwaka wa saba Mbwana akawa anatema wekundu
na hali tambuu.
Daktari wa Bombo akamulika kooni, akaandika:
wiki sita, asitoe hata salamu.

Alitembea na kibao cha shule na chaki.
Waliomwamkia njiani, akawapungia tu,
walisema umaarufu umempanda kichwani.
Umaarufu! Nakala sitini na moja.
Jioni moja kibarazani kwao
aliandika, akafuta, akaandika tena:
*Kumbe nyumba yetu ina saa ya ukutani.*

Wiki zikazaa miezi. Chande alikwenda Maskati
kufunga viyoyozi. Mhina yuko Pongwe,
kiwanda cha saruji, nyusi nyeupe kabla ya umri.
Dramu niliuza kwa kanisa moja Makorora;
nikipita Jumapili nazisikia.
Wanazibembeleza mno.

Sauti ya Mbwana ilirudi nyembamba,
uzi wa kutungia shanga.
Bi Mwanakombo haoni tena, na masikio
yanamwaga kuliko yanavyoshika.
Kila Alhamisi mwanawe humsomea madaftari yake,
yale ya zamani, wino umekuwa rangi ya chai.
Wiki iliyopita nilikuwepo.
Alisoma beti mbili, mama akainua kiganja.

"Sikusikii, baba. Hebu piga
kama mlivyokuwa mkipiga ghalani."

Mbwana akanitazama.
Mezani palikuwa na kiberiti.
Nikakichukua, nikagonga ubao:
moja, mbili, tatu